Windows, Mac na Linux kwa ofisi moja: jinsi ya kukaa kama mashemeji

Tuko watu watatu kwa chumba kimoja, ghorofa ya tatu, upande wa chini wa Moi Avenue, Nairobi, tunachanga rent. Kuna dada wa hesabu, anawashikia watu wa maduka vitabu vyao, yeye ni Windows tangu aanze kazi. Kuna jamaa wa dizaini, huyo ni Mac, na stika ya tufaha ameibandika mpaka kwa chupa ya maji. Halafu mimi nachunga seva na website za watu, niko Linux, ule mfumo wa bure, tangu zile siku Ubuntu, aina moja ya Linux, walikuwa wanakutumia CD bure kwa posta, kitu waliacha 2011. Mwaka wetu wa kwanza tulinuniana vibaya. Kuna siku nilisema mbele ya klaenti wa dada ati Windows ni nyumba ya vairasi, klaenti akachukua makaratasi yake akasema atarudi, na hakurudi. Hilo deni nililipa kwa chai na mandazi mwezi mzima na bado nakumbushwa.

Kwa hivyo kama nyinyi pia mko mchanganyiko hivyo, iwe ofisini ama kwa keja, hii ndio njia imetusaidia.

Jambo moja kwanza. Sijawahi kuona mtu amehama ju ameshindwa kwa mdomo, hata mmoja. Mtu huhama laptopu ikikufa, ama kazi ikibadilika, ama pesa ikipatikana. Na ule ugomvi wenyewe, ule wa kununa, hauanzi na bei ya Mac, unaanza na fleshi imekataa kufunguka saa kumi na moja jioni na klaenti amesimama mlangoni anaangalia saa. Rekebisheni vile vitu vinapita kati yenu, fleshi, dokumenti, saa, halafu hiyo ingine yote iacheni iwe story ya mpira.

Uliza kazi kabla ya kuuliza kompyuta

Kabla umwambie mtu aachane na Windows, muulize anakula kwa programu gani. Dada yetu anakula kwa QuickBooks ya kuinstoli kwa mashine, na kwa mafaili ya Excel yamejaa makro, yale ukifungua kwa LibreOffice, ile ya bure tunatumia huku Linux, vibonyezo vinakuangalia tu. Usiniletee story ya Wine hapa, ile ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, naijua na nimeitumia, lakini mtu wa hesabu tarehe 28 Juni, na ritani za ushuru zinafungwa tarehe 30, hana usiku wa kujaribu jaribu. Jamaa wa dizaini anakula kwa Illustrator na InDesign. Hizo ziko Windows na ziko Mac, Linux haziko, basi. Mimi seva zote nachunga ni Linux kwa hivyo kuwa na kitu hicho hicho mkononi kunanirahisishia, na pia nimezoea, sitadanganya ati ni akili tupu.

Ukipata programu ya mtu haiko upande wako, ubishi umeisha hapo. Mpe chai.

Halafu hawa si maadui vile mashabiki wao wanafanya ionekane. Ni Gor na Ingwe, zile timu mbili za mpira. Ile mechi inaitwa Mashemeji Derby ju ukimaliza kurushiana maneno uwanjani unarudi nyumbani unapata bibi yako ni wa kwao. Angalia: Agosti 1997 Apple ilikuwa inazama, Steve Jobs akasimama jukwaani huko Boston akatangaza Microsoft inaweka dola milioni 150, Bill Gates mwenyewe akatokea kwa skrini kubwa, na watu wa Apple wakamzomea, mtu anawaletea pesa! 2001 Steve Ballmer, wakati huo ndiye mkubwa wa Microsoft, akafananisha Linux na saratani. 2016 Microsoft hiyo hiyo ikaleta WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, na siku hizi ni kamandi moja tu, `wsl --install`. Mimi nikiprinti hapa napitia CUPS, programu Apple waliinunua 2007 na iko ndani ya Mac pia, kwa hivyo mimi na huyu jamaa wa stika tunaprinti na kitu kimoja. Na simu ya dada ni Android, chini yake ni Linux, so kila akifungua app ya M-Pesa ananifungia bao bila kujua. Hii nilimwambia akacheka, na hiyo ndio tofauti na ile ya vairasi, utani wa shemeji unamgusa mtu bila kumharibia kazi.

Sisi tuna sheria moja tu ya utani: klaenti akiwa ndani, hakuna.

Fleshi ndio kiwanja

Hapa kaa kidogo ju hapa ndio watu huumia. Fleshi si kopo tu la kuwekea vitu, ina mpangilio ndani, na kila upande una ule inapenda. Ukiifomati NTFS, ule mpangilio wa Windows, Windows iko sawa, Linux iko sawa, lakini Mac itasoma na ikatae kuandika, na jamaa atakuambia fleshi yako imeharibika. Ukiifomati ext4 ya Linux ni mbaya zaidi, Windows haiielewi kabisa, inauliza tu kama unataka kuifomati, na mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo. Kazi ya wiki imeenda. FAT32 inafunguka kila mahali hata kwa redio ya matatu, shida ni haikubali faili moja ikipita GB 4, kwa hivyo siku jamaa atakuletea video ya harusi mtajua.

Jibu ni exFAT. Ni ya Microsoft, lakini 2019 walifungua maelezo yake kwa kila mtu na sai Linux inaisoma bila kuongeza chochote, Mac pia imekuwa ikiisoma miaka mingi. Toa kwanza kila kitu kwa fleshi ju kufomati kunafuta, halafu enda kwa mashine ya Windows, bonyeza fleshi kulia, Format, chagua exFAT, maliza. Kama unafanyia kwa Mac ni Disk Utility, Erase, na kwa ile sehemu ya Scheme weka Master Boot Record ndio hata mashine za kitambo zisikatae.

Ubaya wake exFAT haina daftari la kukumbuka ilikuwa inaandika nini, kwa hivyo ukiichomoa kama unang'oa jino unaweza kuharibu folda nzima. Bonyeza Eject, ngoja, toa. Linux ndio mwongo zaidi hapo, inakuambia imemaliza kukopi na bado data iko kwa memori inaelekea fleshi polepole. Mimi nilitumia miaka kumlaumu muuzaji wa fleshi wa Luthuli na kosa lilikuwa kidole changu.

Vitu vidogo vinaleta maneno. Mac ikigusa fleshi inaacha vifaili vinaanza na nukta na mstari, `._hivi`, pamoja na `.DS_Store`, na dada akiziona anafikiria ni vairasi. Si vairasi. Ni Mac inaweka kumbukumbu zake. Jamaa anaweza kusafisha zile za `._` kwa Terminal na `dot_clean -m /Volumes/OFISI`, hiyo OFISI ni jina la fleshi yetu. Halafu majina ya mafaili: kwa Linux unaweza kuandika `Kwotesheni: ya mwisho?` na hakuna mtu atakuuliza, lakini Windows haitaki nukta mbili, haitaki alama ya kuuliza, haitaki nyota wala mkwaju, na exFAT pia haizitaki, so kukopi kunakatikia njiani. Na kwa Linux `Invoisi.pdf` na `invoisi.pdf` ni watu wawili, kwa Windows ni mtu mmoja, mmoja anamkalia mwingine na hutajua ni nani amebaki. Sisi tulikubaliana herufi ndogo zote, tarehe mbele, hakuna alama za ajabu. Ilichukua dakika tano kukubaliana na miezi sita kuzoea.

Ile vairasi ya shotikati

Hii ndio nafasi ya mtu wa Linux kuwa mtu mzuri badala ya kelele. Klaenti anatoka kuprinti kwa saiba, anafika na fleshi, folda zote zimegeuka shotikati, ukibonyeza haifunguki ama inafunguka na kitu kingine kinajificha kwa mashine. Dada anashtuka. Usianze hotuba. Chukua fleshi, ichomeke kwa Linux yako, mara nyingi utaona mafaili yote yako pale pale hayajaenda popote, yamefichwa tu, wakati mwingine ndani ya folda haina jina. Yakopi pembeni, futa zile shotikati na kile kitu cha kushuku kinaisha na .vbs ama .exe, rudisha.

Kama hauko, dada anaweza kujisaidia mwenyewe kwa Windows, awachie antivairasi ichape kwanza, halafu afungue Command Prompt, aandike herufi ya fleshi, tuseme E:, na

attrib -h -r -s /s /d *.*

Mafaili yanatoka mafichoni. Mafundi wa saiba huko River Road wamekula pesa kwa hii laini moja tangu kitambo. Siku nilimfundisha dada hiyo laini ndio siku alinisamehe nusu. Nusu ingine bado.

Kwa vitu havihitaji fleshi kabisa tunatumia LocalSend, ya bure, iko ya Windows, Mac, Linux, Android na iPhone, mko kwa waifai moja na faili inapita moja kwa moja bila kula bundle. Huo ndio ushauri wangu wa haraka zaidi hapa.

Dokumenti

Mtu wa Linux akituma barua kwa .docx na ikafika kwa dada imeparara, jedwali limepasuka kurasa mbili, hatalaumu fonti, atasema Linux ni mbovu. Na mara nyingi ni fonti. Word iliweka Calibri kama fonti yake ya kawaida kutoka 2007 mpaka juzi juzi, Linux haiji na Calibri, kwa hivyo inachukua nyingine yenye upana tofauti na kila mstari unasukumwa. Iko fonti inaitwa Carlito, herufi zake zina upana ule ule wa Calibri. Kwa Ubuntu ama Mint, hiyo ni aina ingine ya Linux, andika `sudo apt install fonts-crosextra-carlito`, na shida nyingi zitapotea papo hapo.

Kitu ya mwisho, isiyobadilishwa tena, tuma PDF. CV ni PDF, invoisi ni PDF. Niliwahi kusaidia kijana wa jirani na CV, akaituma .docx, huko ilipofunguka jina lake lilikuwa ukurasa wa kwanza na namba ya simu ukurasa wa tatu.

Saa ya Nairobi

Kama unaweka Windows na Linux kwa mashine moja, soma hapa. Laptopu ina kisaa chake kidogo ndani hata ikiwa imezimwa. Windows inakiandikia saa ya hapa. Linux inakiandikia saa ya dunia, ile UTC, halafu inajumlisha yenyewe. Sisi tuko masaa matatu mbele ya UTC. So ukitoka Linux ukiingia Windows, saa nne asubuhi unaambiwa ni saa moja, na kama hauko kwa intaneti inabaki hivyo.

Mimi nilikaa nimetulia nikijua ni saa tano, mkutano wa Zoom ni saa nane, nikaenda hata kununua chapo. Ilikuwa saa nane tayari. Unaweza kufikiria nilisema ni kosa la nani na kelele gani zilipigwa hiyo siku kwa chumba, jamaa wa Mac alicheka mpaka akaomba maji. Dawa ni moja, ingia Linux uandike

timedatectl set-local-rtc 1

Linux itakuonya kidogo, iache ionye, saa zitakubaliana.

Ukiitwa kumhamisha mtu

Tangu 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena apdeti za kawaida za bure, na ile nyongeza ya mwaka mmoja Microsoft waliweka kwa watu wa nyumbani inaisha Oktoba 2026. Sasa fikiria laptopu za ex-UK zimejaa huku mjini. EliteBook 840 G3 iko kila mahali, prosesa yake ni ya kizazi cha sita, na Windows 11 inataka cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Mashine ni nzima, kibodi tamu, lakini mlango umefungwa. Hapa mtu wa Linux anahisi ni siku ya harusi yake. Tulia.

Usifute kitu siku ya kwanza. Daunilodi Linux Mint, iweke kwa fleshi ya GB 8 (si ile ya OFISI tafadhali) kwa kutumia Rufus ama balenaEtcher, zima laptopu, ukiiwasha gonga F9 kwa HP ama F12 kwa Dell na ThinkPad, chagua fleshi. Mint inafunguka ikitokea kwa fleshi bila kugusa diski. Mwache mwenye laptopu aitumie hivyo, ajaribu waifai yake, printa yake, spika, kamera, afungue eCitizen kwa brauza, aone video. Kitu kikikataa hapo, kuna uwezekano mkubwa kitakataa hata ukiinstoli, na ni afadhali mjue sasa.

Akisema sawa, bakapu kwanza, kwa diski ya nje, na ufungue hiyo bakapu uone mafaili yanafunguka kweli. Angalia kama BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski, imewashwa. Kama imewashwa hakikisha ana ile rekavari kii ya tarakimu 48, mara nyingi iko kwa akaunti yake ya Microsoft, ju ukigusa mambo ya kubuti Windows inaweza kuiitisha na kama hana, hiyo data imezikwa. Ukiacha Windows pembeni ya Linux, zima Fast Startup, kwa Command Prompt ya admin andika `powercfg /h off`, la sivyo Windows ikizimwa huwa haizimiki kabisa, inalala jicho moja wazi, na Linux itakataa kuandika kwa ile patisheni yake. RAM iwe GB 4 angalau. Kama bado ni ile diski ya kuzunguka, mwambie anunue SSD kabla ya yote, hiyo pekee itafanya laptopu ionekane mpya na kuna watu wakipata hiyo wanaacha mambo ya kuhama kabisa.

Na ujue hivi, ukimhamisha mtu wewe ndio fundi wake. Hakuna tarehe ya mwisho. Nilimwekea anti yangu wa Kayole Mint miaka minne iliyopita, bila kumwonyesha kwanza, nikafuta Windows yake nikijiona nimemwokoa. Jumapili ya kwanza akanipigia, "Wewe mtoto, picha za harusi ziko wapi?" Zilikuwa kwa bakapu, shukuru Mungu, lakini nilipanda matatu mpaka huko kumwonyesha folda inaitwaje. Jumapili ya pili ilikuwa printa. Ya tatu, fonti za kanisa. Nikaketi naye chini siku moja nzima, nikamwuliza kile ningeuliza mwanzo, anti wewe hufanya nini na hii kitu kwa kweli? Anaprinti ratiba za chama, anaangalia YouTube, anasoma imeili za watoto wako nje. Nikamwekea aikoni nne kubwa kwa skrini, nikazima zile nyingine, nikaandika kwa karatasi namna ya kuprinti na nikaibandika ukutani.

Siku hizi ananipigia mara moja kwa mwezi hivi. Wiki iliyopita nimefika nikamkuta na mama wa jirani, anamwonyesha laptopu, anamwambia, "Hii ni Windows kijana wangu aliniwekea, haishikagi vairasi." Sikumkosoa, printa ya jirani ilikuwa inaningoja.